UZI: Maua ya shanga na waya (waridi, yasmini, kikuba) – vipimo, hatua na makosa

Shada_Pwani

Wakuu, maswali ya maua ya shanga yanarudi kila mara na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti. Tuyakusanye hapa. Naanza na waridi kwa mtindo unaoitwa wa Kifaransa, yaani petali inayojengwa kwa kuzungusha safu za shanga kulia na kushoto kwa mhimili mmoja. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kusahihisha asahihishe.

Kabla ya yote, waya. Watu humaliza hela kwenye shanga halafu wanaokota waya wowote uliopo nyumbani. Shanga za bei rahisi kwenye waya sahihi hutoa ua linalosimama. Shanga ghali kwenye waya mbovu hutoa petali zinazolala baada ya wiki mbili.

Kwa waridi moja la kipenyo cha sm 7 hivi, andaa shanga namba 11 (zile za mm 2) gramu 20 za rangi ya petali na gramu 8 za kijani. Waya wa shaba wenye enameli (ngozi nyembamba ya vanishi) wa mm 0.4, meta 10. Waya mwembamba wa mm 0.2 wa kufungia, meta 2. Kikonyo ni waya wa mm 1.6 uliopakwa zinki, sm 25 hadi 30. Uzi wa kudarizi wa kijani, plaizi ndogo ya mdomo mwembamba na kikatio cha waya. Mkasi wa nguo usiuguse, utaharibika siku hiyohiyo.

Tunga shanga kwenye waya ukiwa bado kwenye roli, usikate kipande. Tunga kama meta moja tu kwa mara moja. Ukitunga zote pamoja, shanga husuguana na enameli kwa safari ndefu na waya unatoka umechubuka. Ncha ipige fundo ili shanga zisimwagike.

Petali ya kwanza: acha waya mtupu sm 8 kutoka kwenye fundo, kisha sogeza shanga 5. Hizo ndizo mhimili. Chini yake acha sm 12 za waya mtupu, zikunje ziwe kitanzi, usokote mara 4 karibu kabisa na shanga. Sasa una waya wa juu (mmoja, wenye fundo), kitanzi cha chini, na waya wa kazi unaotoka kwenye roli.

Sukuma shanga za kutosha kufuata ubavu wa mhimili kutoka chini hadi juu. Zungusha waya wa kazi kwenye waya wa juu duara moja kamili, ukiugandamiza kwenye shanga ya mwisho. Geuza kazi, shuka ubavu wa pili, zungusha kwenye shingo ya kitanzi. Hapo una safu 3: mhimili na mbavu zake mbili. Endelea hivyo. Ukimalizia chini, idadi ya safu daima ni witiri.

Kwa ncha ya mviringo, waya wa kazi ukutane na waya wa juu kwa pembe mraba. Kwa ncha iliyochongoka (majani, na sepali yaani vijani vya chini ya ua) ukutane nao kwa nyuzi 45, na ongeza shanga moja au mbili kila safu ili ncha ipande.

Waridi lenyewe: petali 3 za safu 7, petali 4 za safu 9, petali 5 za safu 11, zote mhimili wa shanga 5, mviringo juu na chini. Petali ya safu 7 hula takriban shanga 90, ya safu 9 kama 140, ya safu 11 karibu 200. Jumla ni kama 1,800. Majani 3: mhimili shanga 9, safu 9, ncha kali. Sepali 5: mhimili shanga 6, safu 3, ncha kali.

Kumaliza petali: zungusha mara mbili kwenye shingo, kata waya wa kazi sm 12 chini, kata kitanzi kwenye pindo lake la chini kiwe nyaya mbili. Waya wa juu ukate ubaki mm 6, uukunje kwa nyuma ulale juu ya mhimili. Usipoukunja utashika nguo na kuchoma vidole vya mpangusa vumbi.

---

Fundi Mota

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye waya pana mtego. Anayefuata maelekezo ya Wamarekani mtandaoni ataambiwa "namba 26" au "namba 28". Akienda kwa mafundi wa kusuka mota akataja namba hiyohiyo atapewa waya mwingine, kwa sababu huku namba zetu ni za Kiingereza.

Namba 24 ya Marekani ni mm 0.51, ya Uingereza ni 0.56.
Namba 26 ya Marekani ni mm 0.40, ya Uingereza ni 0.46.
Namba 28 ya Marekani ni mm 0.32, ya Uingereza ni 0.38.

Kwa hiyo ukiandikiwa 26 ya Marekani, hapa omba 27. Ukiandikiwa 28, omba 30. Bora zaidi taja milimita ukakwepa ubishi.

Huna maikromita? Zungusha waya kwenye kalamu mara 20 zikiwa zimebanana, pima urefu wa huo mzungusho kwa rula, gawanya kwa 20. Waya wa 0.4 utatoa mm 8 na kitu, hicho kitu ni unene wa enameli.

Waya huu huuzwa kwa uzito, na wengi wananunua kilo nzima bila sababu. Gramu 100 za mm 0.4 ni karibu meta 89, yaani maua 8 ya vipimo vya hapo juu. Gramu 100 za mm 0.5 ni kama meta 57, na za mm 0.3 ni kama meta 158.

Tena msinunue waya uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Enameli imepikwa, inapukutika, na waya umejaa mikunjo. Na kuchoma waya ili enameli itoke ni kujifukiza sumu, achaneni nayo.

---

Binti Sindano

Fundi Mota ahsante, hiyo ya namba imenifumbua. Swali: petali zangu za safu 11 zinaachana katikati, unaona mwanga kati ya safu. Nimekaza mpaka waya umekatika. Tatizo ni shanga za Kichina hazilingani?

---

Tumba

Dada, kutolingana kwa shanga hakuachanishi safu. Kwenye petali hata kunapendeza kidogo, ua la kweli halina mistari ya rula. Angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza, idadi. Shanga zikipungua hata moja, waya mtupu unaonekana kwenye kona. Zikizidi moja, safu inapinda kwenda nje na kuacha mwanya. Kabla ya kuzungusha, laza safu kwenye ile ya jirani ubonyeze kwa kidole gumba. Shanga ya mwisho iguse waya wa juu bila kuupita.

La pili, mzungusho wenyewe. Ukiacha nafasi ya nusu milimita kati ya mizungusho kwenye waya wa juu, kila safu inaanza mbali na mwenzake. Mizungusho ikae imebanana bila kupandana.

La tatu, kushona. Petali yenye safu 11 na kuendelea haisimami yenyewe, lazima ishonwe. Kata sm 30 za waya wa 0.2, weka katikati ya waya huo juu ya mhimili, nusu ya urefu wa petali. Kila upande unashona kivyake: pita chini ya safu inayofuata, rudi juu yake, pita tena chini, hamia safu ya jirani. Mwisho zungusha mara mbili kwenye safu ya nje, kata karibu kabisa. Shona petali ikiwa bado bapa. Ukishaikunja umbo, waya wa kushonea utaivuta irudi.

Kukatika kwa waya ni kwa sababu ya kukaza, kama ulivyosema mwenyewe. Shaba kila unapoipinda inazidi kuwa ngumu, na ikifika mwisho inavunjika pale shingoni. Sokota mara 4 na uache, kusokota mara 10 hakuongezi nguvu.

---

Binti Sindano

Na ukikatika katikati ya petali ndio basi?

---

Tumba

Hapana. Rudisha shanga hadi mzungusho wa mwisho wa chini, malizia hapo kwa mizungusho miwili, ukate. Anza waya mpya palepale shingoni, mizungusho miwili, ncha yake ishuke sambamba na kitanzi. Itafichwa na uzi wa kikonyo. Usiunge waya juu ya petali, hapafichiki.

Kuhusu waya unaojikunja kitanzi kidogo ukitoka kwenye roli: fungua kile kitanzi kwa vidole viwili kabla hujavuta. Ukivuta kikajifunga, alama haitoki na hapo ndipo utakapokatika.

---

Mnyororo

Shanga nazo zina maneno yake. Ukipata zilizofungwa kwa mashada, nunua hizo badala ya za vichupa. Shada la Kicheki huwa nyuzi 12 za nusu meta, jumla kama shanga 4,000, kwa hiyo linatosha waridi mbili. Tena huhitaji kuokota moja moja. Toa ncha ya uzi, ingiza waya ndani ya shanga zikiwa bado kwenye uzi, sm 5 hivi, kisha vuta uzi utoke. Shada zima linahama kwa dakika chache.

Za vichupani zinataka bakuli la kuzungusha. Bakuli la plastiki lenye kitako bapa, toboa katikati, lisimamishe kwenye msumari ulio wima ili lizunguke bila kukwama. Pinda ncha ya waya kama ndoana pana, iingize kwenye shanga ikielekea kinyume na mzunguko, zungusha bakuli polepole. Shanga zifike nusu ya bakuli. Zikiwa kidogo hazipandi, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi wanasema bakuli halifanyi kazi.

Rangi sasa. Shanga zinazopitisha mwanga kwenye waya wa shaba zitabeba wekundu wa shaba. Nyeupe ya kioo inageuka kuwa na rangi ya chai. Kwa nyeupe chukua zisizopitisha mwanga, au waya wa rangi ya fedha.

Na zipo zilizopakwa rangi juu tu, hasa pinki na zambarau. Chukua shanga kumi, loweka kwenye asitoni ya kuondolea rangi ya kucha kwa nusu saa. Nyingine kumi ziweke dirishani juani wiki mbili, nusu yake umezifunika kwa karatasi nyeusi. Zikitofautiana, usizitumie kwa ua la sebuleni. Kioo kilichotiwa rangi ndani hakibadiliki.

---

Kikuba

Wa bara mmeshika waridi, sisi wa pwani tunataka yasmini. Kikuba cha shanga (kishada cha yasmini na rehani cha kubandika kifuani kwa pini) kinaombwa sana kwenye harusi, kwa sababu yasmini ya kweli ikifika jioni imeshageuka rangi. Harufu hakina, hilo tusidanganye. Anayetaka harufu anakichanganya na rehani mbichi na vilua.

Yasmini haihitaji fremu ya mhimili. Ni vitanzi mfululizo kwenye waya wa mm 0.3, shanga nyeupe namba 11. Acha sm 10, sogeza shanga 14, zikunje ziwe kitanzi, usokote duara moja na nusu chini yake. Bila kuacha nafasi, sogeza 14 nyingine, kitanzi cha pili. Fanya sita. Kila kitanzi kikisokotwa kwa mwelekeo uleule, ua linakaa. Ukibadilisha mwelekeo, cha pili kinafungua cha kwanza.

Baada ya cha sita, pitisha waya wa kazi kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili ili duara lifunge, urudishe chini. Sasa bana kila kitanzi kwa plaizi katikati, polepole, kiwe chembamba chenye ncha. Hapa shanga hupasuka kwa anayebana kwa nguvu, funga mdomo wa plaizi kwa plasta ya kidonda.

Yasmini ina shingo ndefu nyembamba chini ya petali, na ndiyo wengi wanaisahau, ua linatoka kama nyota tu. Ingiza nyaya zote mbili ndani ya shanga ndefu moja ya mrija ya mm 6, nyeupe au kijani kibichi sana. Kama mrija huna, shanga 4 za namba 8 (kubwa kuliko namba 11), tundu lake linapitisha nyaya mbili bila taabu.

Tumba la yasmini: shanga 9 kwenye waya, kitanzi kimoja, kibane, kisokote mara mbili kama kamba.

Kikuba cha kawaida ni yasmini 15 zilizofunguka, matumba 6, na majani 5 ya rehani (mhimili shanga 4, safu 5, ncha kali). Shanga nyeupe gramu 13 hadi 15, waya wa 0.3 meta 8 pamoja na matumba. Usikifanye kizito: kikipita gramu 30 kinavuta buibui au leso kwa mbele.

---

Binti Sindano

Bi Kikuba, pini unaiweka wapi? Nikiifunga katikati kinazunguka.

---

Kikuba

Mwanangu, usifunge katikati. Gawa vikonyo viwe mafungu mawili, laza pini katikati yao, funga juu na chini ya pini kwa waya wa 0.2, mizungusho 8 kila sehemu, halafu uzi juu yake. Kikishikwa sehemu mbili hakizunguki.

---

Fundi Mota

Kwa wa pwani neno moja: chukueni sumaku, hata ya spika mbovu, mkienda dukani. Kuna waya unaong'aa kama shaba na ndani ni chuma. Sumaku ikiunasa, uacheni. Hewa ya chumvi itautia kutu kupitia kila sehemu uliyokata, na kutu hupanda ndani ya tundu za shanga ambako huwezi kuifuta.

---

Shada_Pwani

Kweli kabisa. Na mtindo huu wa "Kifaransa" una habari kama hiyo. Karne ya 19 Wafaransa waliweka makaburini mataji ya maua ya shanga, kwa kuwa hayanyauki kwa jua wala mvua. Taji la waya wa chuma likikaa nje miaka mingi, waya huliwa na kutu na shanga zinamwagika zikiwa na rangi yake ileile.

Nimalizie kuunganisha waridi. Petali za safu 7: ya kwanza ikunje kwenye penseli iwe bomba, uso ukiwa ndani. Mbili zinazobaki ziizunguke, kila moja ifunike nusu ya mwenzake. Funga kwa waya wa 0.2 mizungusho 5 palepale shingoni, juu kabisa, si sm moja chini. Ukifunga chini, petali zote zinakuwa na shingo ndefu na ua linacheza. Kisha kikonyo cha mm 1.6: pinda ncha yake kidogo kama ndoana, ining'inize kwenye shingo ya tumba hilo ili ua lisichomoke. Ongeza petali 4 za safu 9 moja moja, kila moja mizungusho 3, zikiwa zimepishana na za ndani. Halafu 5 za nje. Petali za nje zipitishwe juu ya mgongo wa kijiko cha chakula zipate tumbo, kisha kingo zipinduliwe nje kwa kidole. Sepali mwisho.

Nyaya za chini sasa ni nyingi mno. Usizifunge zote mpaka mwisho. Kata petali za ndani sm 4, za kati sm 7, za nje sm 10, kikonyo kipungue unene taratibu. Ukizikata sawa unapata uvimbe katikati ya kikonyo.

Kufunika: uzi wa kudarizi, nyuzi zote 6 pamoja, zilizolala bapa. Paka gundi nyeupe nyembamba sm 3 kwa sm 3, zungusha kuelekea chini, ingiza majani njiani. Tepu ya maua ni haraka zaidi, ila haishiki usipoivuta kwanza, na kwenye joto letu nta yake inanasa vumbi. Anayeitumia aizungushie uzi juu.

---

Mnyororo

Nyongeza ya chombo. Waridi tatu na majani yake ni karibu gramu 130, na uzito wote uko juu. Chombo chepesi kitaanguka. Jaza mchanga mkavu, au plasta ya Paris. Plasta ikiganda inapata joto na kutanuka kidogo, kwa hiyo usiimimine moja kwa moja kwenye chombo cha kioo au kauri, kinapasuka. Mimina kwenye kikombe cha plastiki kinachoingia ndani ya chombo, simamisha vikonyo, subiri ikauke, ndipo ushushe kikombe.

---

Tumba

Na plasta mbichi ina maji, vikonyo vya zinki vilivyokatwa vinaanza kutu mlemle. Chovya ncha kwenye rangi ya kucha kabla ya kuzichomeka.

Vumbi: brashi laini ya rangi na kikausha nywele kwenye hewa baridi. Kuosha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni inawezekana kwa petali za waya wa shaba kabla hazijafungwa uzi. Zikishafungwa uzi na gundi nyeupe, maji yasifike kwenye kikonyo. Gundi ile inalainika tena.

---

Binti Sindano

Mhimili wa shanga 5 nikiufanya 8 na safu zilezile, petali itakuwa kubwa zaidi?

---

Shada_Pwani

Itakuwa ndefu. Upana unatoka kwenye safu, urefu unatoka kwenye mhimili. Mhimili 8 na safu 7 mviringo unakupa petali ya yungiyungi. Kwa waridi kubwa acha 5 uongeze safu hadi 13, na ushone sehemu mbili badala ya moja.